Shamba Chini ya Kitovu

Naandika haya nikiwa kwenye kiti nilichokiendea kwa miguu yangu. Kama una mgonjwa wa namna yangu nyumbani, au ndiwe mgonjwa mwenyewe na mtu anakusomea kwa sababu vidole vyako havishiki simu, utaelewa kwa nini nimeanza na jambo dogo kama hilo.

Naitwa Bakari, mtu wa Tanga. Nina miaka thelathini na tisa. Nilikuja Dubai kufanya kazi ya ulinzi, na kwa miaka minne nilisimama kwenye ukumbi wa jengo moja la ofisi kule Jumeirah Lake Towers, saa kumi na mbili kila zamu, nikiwafungulia watu mlango na kuwaelekeza wageni kwenye lifti. Kusimama ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba kusimama ni kitu ambacho mtu anaweza kunyang'anywa.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Juni, wiki mbili baada ya kuhara kulikotukumba chumba kizima kambini Al Quoz. Wenzangu walipona wakasahau. Mimi asubuhi moja nikahisi nyayo zina ganzi yenye vijisindano, kama nimevaa soksi zenye mchanga. Nikavua viatu msalani, nikakung'uta soksi. Hazikuwa na kitu. Kesho yake ngazi za basi la kampuni zikanishinda, nikapanda kwa kujivuta na mikono. Msimamizi wetu Kamau, Mkenya wa Nakuru, akanicheka. "Buda, jana ulikunywa nini?" Anajua sinywi.

Siku ya tatu nilimfungulia mlango mama mmoja mwenye kigari cha mtoto, na mlango ule ule nilioufungua mara elfu ukanirudisha nyuma ukaniangusha. Kamau hakucheka tena. Alinibeba mpaka kwenye teksi, akakaa nami hospitalini mpaka daktari alipokuja, zamu yake akamwachia mwingine. Jambo hilo sijalisahau.

Daktari alikuwa mama wa Kisyria mwenye sauti ya chini. Aligonga goti langu la kulia kwa kinyundo cha mpira, akagonga la kushoto, akarudia. Miguu ikanyamaza kama ya mtu mwingine. Kisha akaniambia nivute pumzi moja na nihesabu kwa sauti mpaka pumzi iishe. Nilifika kumi na moja. Akaandika, akatoka haraka, na kutoka kwake haraka ndiko kulikonitisha.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Guillain-Barré, tamka "giyan-bare". Askari wa mwili wanakosea adui, wanaishambulia mishipa ya fahamu. Sitasema zaidi ya hapo, madaktari wapo. Nilitundikiwa dripu siku tano mfululizo. Kwenye chupa ya pili miguu ilikuwa imekwenda yote. Kwenye ya tatu mikono ikawa mizito na upande wa kushoto wa uso ukashuka. Jicho likakataa kufumba, nesi akawa analifunga kwa plasta nikitaka kulala. Mashine ya kupumulia waliileta wakaiegesha karibu na kitanda changu, ikangoja siku mbili, kisha wakaiondoa bila kuitumia. Mtu anaweza kukipenda chombo kwa sababu tu kimeondoka.

Kila jioni alikuja kaka yangu Idrisa, dereva wa foklifti bandarini Jebel Ali, akiwa na kizibao chake cha rangi ya machungwa kinachonuka dizeli. Alikuwa akimwambia mama kwa simu, "Ana homa tu, inshallah itapungua." Mke wangu Mwanaidi hakudanganyika. Aliomba kuniona kwa video, nami nikawa nakataa, nageuza simu iangalie dari.

"Mume wangu," akasema siku moja, "unanificha uso kwa nini? Umeoa?"

Nikacheka, na kucheka kukanisaliti, maana nilisahau kuishika simu vizuri. Akaona. Nikasikia kuku wa jirani yetu kule Tanga. Kisha akasema, "Basi huo upande mwingine bado ni wako. Nautambua." Nikalia kwa jicho moja.

Baada ya wiki nne waliniruhusu kutoka na kiti cha magurudumu. Kambini Al Quoz kitanda changu kilikuwa cha juu, kwa hiyo Idrisa akanichukua kwake Jebel Ali, chumba anachoishi na Wapakistani wawili. Mmoja wao akahamia kitanda cha juu bila kuombwa, akaniachia cha chini kilicho karibu na bafu. Hakutaka hata nimshukuru. "Yalla, lala," alisema.

Idrisa ndiye aliyeniogesha. Amenizidi miaka tisa, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli na ndiye aliyenichapa nilipoivunja. Sasa ananiketisha kwenye kiti cha plastiki ananimwagia maji, huku macho yake yako ukutani ili nisione haya.  Siku ya tatu au ya nne alizungumza akiwa bado anatazama vigae.

"Mdogo wangu, urudi nyumbani. Mama na mkeo watakuangalia. Hapa likizo ya ugonjwa itaisha, viza wataifuta, nami sina uwezo wa kukubeba mwaka mzima."

"Na mazoezi ya miguu nitayafanyia wapi? Hapa bima bado inanikubali."

"Miguu ni ya Mungu."

"Najua. Lakini Mungu ameniletea daktari huku."

Akazima maji kwa nguvu. Tukaendelea hivyo Julai nzima na Agosti, wakati ambapo nje hakukaliki kwa joto na wajenzi wanapumzishwa mchana. Mara tatu kwa wiki Idrisa alibadilishana zamu ili anipeleke kwenye mazoezi. Kila alipobadilishana, alirudi kwenye neno lake la kunirudisha nyumbani.

Chumba cha kungojea mazoezi kilikuwa na televisheni isiyo na sauti, bakuli la tende, na baridi ya kiyoyozi ya kukufanya utamani jua. Humo ndimo nilimokutana na Mzee Wen. Alikuwa Mchina wa miaka sabini na kitu, amevunjika nyonga, anayekuja na binti yake muuza vigae. Binti alikuwa hatoki kwenye simu. Mzee mwenyewe alikaa mgongo wima, mikono juu ya mapaja, macho nusu yamefumba, kama mtu asiyengoja chochote. Siku moja Idrisa alikuwa akinigombeza kwa Kiswahili, na yule mzee akafumbua macho.

"Tanzania?" akauliza.

Tukaduwaa.

"Mimi Mlimba. Makambako. Reli." Akajigonga kifua. "Mimi kijana, mawe, mawe, mawe. Habari gani, rafiki?"

Alikuwa mmoja wa Wachina walioijenga reli ya kwenda Zambia. Zaidi ya miaka hamsini alikuwa ameyatunza yale maneno, na hakuwa na mtu wa kuyatumia. Tangu siku hiyo akawa anamwambia binti yake ampangie miadi siku zangu.

Mapema sana aliona nilichokuwa nikificha. Nilikuwa napumua kifuani juu, mafupi mafupi, kama mtu aliyekimbia. Tangu siku ile ya kuhesabu mpaka kumi na moja nilikuwa naogopa pumzi yangu mwenyewe. Akanyoosha mkono, akaninyooshea kidole kifuani. "Hapa moto mingi." Akashusha kidole mpaka vidole vitatu chini ya kitovu. "Hapa shamba. Shamba kavu."

Alijifunza kukaa, yaani kutulia na kupumua, baada ya kurudi kwao na mgongo ulioharibiwa na mawe ya reli. Alimpata mzee mmoja Mtao aliyeishi chini ya mlima, akamfundisha kwa miaka. Watao ni watu wa njia ya kale ya huko China, na wanavyouona mwili ni tofauti na tulivyozoea. Kwao mwili si gari lenye dereva kichwani. Ni ardhi yenye maji yanayotembea, na maji hayo wanayaita chi. Ni pumzi, ni joto, ni uhai, yote kwa pamoja. Mtu akiwa na hofu, chi yote inapanda kifuani na kichwani, chini kunakauka. Akitulia, inashuka yenyewe kwenye lile shamba la tumboni, na kutoka hapo inakwenda inakohitajika. Binti yake alinitafsiria baadhi ya haya kwa Kiingereza, akitabasamu kama mtu anayetafsiri ndoto za baba yake.

Mafunzo yenyewe yalikuwa mepesi hata nikahisi nadanganywa. Kaa mgongo wima. Funga mdomo. Acha pumzi iingie kwa pua ifike tumboni bila kuivuta. Fikra zikija, usizifukuze wala usizikaribishe.

"Kaa tu," alisema. "Sahau."

"Nisahau nini?"

"Sahau mguu. Sahau kupona. Sahau Wen."

Wiki ya kwanza nilisinzia. Wiki ya pili nililia, sijui kwa nini. Wiki ya tatu, mchana mmoja kitandani Jebel Ali, niligundua kwamba tumbo langu linapanda na kushuka lenyewe na kwamba kwa muda fulani sikuwa nimeogopa. Nikahesabu kwa pumzi moja. Ishirini na sita.

Idrisa hakupenda. Alinikuta nimefumba macho, akasimama mlangoni.

"Bakari, hiyo ni ibada ya masanamu."

Nilimpelekea Mzee Wen swali lile moja kwa moja: je, kuna wa kuabudiwa nikikaa hivi? Alicheka mpaka akashika nyonga yake. Watao wenye mahekalu na ibada wapo, akasema kupitia kwa binti yake, lakini hicho alichonipa ni kukaa na kupumua. Kisha akaongeza kwa Kiswahili chake, "Tumbo hapana dini." Nikamfikishia kaka yangu. Hakucheka, ila alisema, "Adhana ikilia, uache." Nikamwambia ikilia nitaacha, nami nikawa naacha, naswali nikiwa nimekaa.

Sasa nikuambie kosa langu, maana ndilo linaloweza kukusaidia zaidi.

Mwezi wa Oktoba, joto lilipoanza kupungua, miguu ilianza kuwaka. Vijisindano vikarudi, mara moto, mara kama mchwa wanapita ndani ya mifupa. Nikaamini ni chi. Nilikuwa nimeshaanza kutazama video za watu wanaoahidi kwamba mtu anaweza kuusukuma moto wa tumboni kwa fikra mpaka popote anapotaka. Nikaacha kukaa, nikaanza kusukuma. Saa tatu kwa siku, jasho linanitoka, nausukuma moto kwenye magoti, kwenye vifundo, kwenye vidole. Na kwa kuwa niliona nimepata njia ya mkato, mazoezi ya hospitali nikayaona ya kitoto. Nikamwambia Idrisa mtaalamu wa mazoezi yuko likizo. Wiki mbili sikwenda.

Ijumaa moja Idrisa na wenzake walikuwa msikitini. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikauona moto umejaa miguuni, nikajiambia leo. Fremu ya chuma niliyopewa kujifunzia kusimama ilikuwa hatua moja tu kutoka nilipo. Sikuichukua. Nikasimama, na kwa kiasi cha kusema bismillahi nilikuwa mrefu tena, niliona juu ya kabati. Kisha magoti yakafunguka. Nilianguka juu ya mkono wa kulia nikasikia unavyolia.

Idrisa, akiwa bado na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, alinikuta sakafuni. Alipompigia mtaalamu wa mazoezi kuuliza tufanyeje, akaambiwa kwamba hakuwa likizo, na kwamba walikuwa wakinitafuta. Niliona uso wa kaka yangu unabadilika akiwa bado na simu sikioni.

"Nimeuza mapumziko yangu yote," alisema. "Nimewaomba watu zamu kama ombaomba. Na wewe unanidanganya ukae ufumbe macho?"

Aliniinua akaniketisha kitandani.

"Khalas. Jumatatu naenda kwa kampuni yako, nakuombea tiketi."

"Kaka, nipe siku moja ya mazoezi. Daktari anione. Akisema niende, nitakwenda, sitabishana."

Aliniangalia sana. "Moja," akasema.

Tulikwenda Jumapili, mimi na mkono uliofungwa plasta ngumu. Daktari wangu Msyria alieleza kwamba ule moto ni mishipa ya fahamu inayoota upya. Ni dalili nzuri, lakini mishipa inaota taratibu, na msuli usiofanyishwa kazi unasinyaa. Nilikuwa nimepoteza nguvu za mwezi mzima kwa wiki mbili. Alisema bila kunigombeza, jambo lililouma zaidi.

Mzee Wen ndiye aliyenigombeza. Aliuona mkono wangu, akasikiliza, akampa binti yake fimbo yake aishike ili apate mikono miwili ya kunikaripia.

"Wewe sukuma! Mimi sema sukuma? Hapana sema!" Akapigapiga sakafu kwa mguu wake mzima. "Reli, mawe kwanza. Mawe, mawe, mawe. Treni baadaye. Wewe taka treni, mawe hapana!" Akamwelekea binti yake, akasema maneno marefu, naye akayatafsiri taratibu: baba anasema moto ukija, uuache upite kama mgeni wa jirani. Anayeshika hisia hizo anaugua ugonjwa wa pili. Na anasema kukaa hakujengi mguu. Daktari anautengeneza mguu, kukaa kunamtengeneza mwenye mguu.

Kisha Mzee Wen akamgeukia Idrisa, aliyesimama na mikono imefumbatwa kifuani.

"Wewe nani?"

"Kaka yake."

"Wewe lala?"

Idrisa hakutarajia swali hilo. "Silali sana, mzee," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia.

"Kaa."

Sijui kama ni adabu tuliyolelewa nayo kwa wazee au ni uchovu, lakini alikaa. Mzee Wen akamshusha mabega kwa mikono miwili, akamgonga kidogo tumboni, akasema, "Hapa. Pole pole." Mimi nikaitwa ndani. Saa moja baadaye nilitoka nikiwa hoi, nikamkuta kaka yangu amelala fofofo palepale kitini, mdomo wazi, kichwa kwenye bega la Mchina. Mzee hakuthubutu kusogea. Aliweka kidole mdomoni mwake kuniashiria ninyamaze.

Sitasema Idrisa alikubali. Nasema tu Jumatatu ilikuja ikapita, na tiketi haikuzungumzwa tena.

Kuanzia hapo nilikwenda kama anayeweka mawe. Dakika ishirini za kukaa asubuhi, si zaidi. Mazoezi yote niliyopangiwa, hata ya kuokota maharagwe kwa vidole. Novemba nilisimama katikati ya vyuma viwili kwa sekunde saba. Desemba, wakati watu wa Dubai wanakaa nje usiku na mchana kwa raha ya baridi, nilitembea kutoka mlango wa chumba cha mazoezi mpaka dirishani, na mzee akanifundisha kukaa kwa kusimama: magoti yamelegea kidogo, uzito umeshuka kwenye nyayo, mikono kama imekumbatia mtungi. Nilikuwa mlinzi miaka minne, na ndipo nilipojua nilikuwa nasimama kwa kukaza shingo na kuuma meno. Uso ulirudi kabla ya miguu. Mwanaidi aliuona ukirudi kwenye video, akasema alikuwa ameshauzoea ule uliopooza.

Ramadhani ilipofika nilikuwa na fimbo moja. Daktari alinikataza kufunga, na siku hiyo nilihuzunika kuliko siku ya kuanguka. Idrisa akaniletea chakula cha mchana kimefunikwa, akakiweka bila neno, akatoka ili nile bila kutazamwa.

Kamau alinipigania kazini. Kampuni ilitaka kunifuta, yeye akaandika barua na akazungusha saini za wenzetu mpaka wakanipa nafasi kwenye chumba cha kamera, kazi ya kukaa. "Buda, sasa wewe ni boss wa kiti," alinipokea. Baada ya miezi mitatu nikaomba zamu mbili za ukumbini kwa wiki, nikapewa.

Mzee Wen alirudi kwao majira ya kuchipua. Aliagana nami chumba kilekile cha kungojea, akaonja tende moja, akasema, "Mlimba, mvua mingi. Wewe ukienda, angalia reli yangu." Sijafika Mlimba, lakini nitafika.

Mguu wangu wa kulia bado unapiga sakafu kidogo nikichoka, na joto la Agosti linanirudisha nyuma siku mbili tatu. Nakaa kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri. Ukiniuliza kama chi ipo kama damu ilivyopo, sijui, na sina haja ya kubishana na mtu. Najua hofu ilikuwa juu, ikashuka, na ilipokuwa chini niliweza kufanya kazi niliyopewa na daktari. Kwa hiyo usiache dawa, usikose mazoezi, usimdanganye anayekuogesha. Kisha kaa.

Wiki iliyopita Kamau alinipigia. Kuna mama wa Mombasa ambaye mumewe, fundi wa viyoyozi, amelazwa na ugonjwa uleule, siku ya kumi na moja hajatikisa kitu zaidi ya macho. Nilikwenda baada ya zamu. Mama yule alinipokea kwenye ukumbi wa wodi, akanishika mkono kwa nguvu asijue aulize nini. Tukaingia. Mgonjwa alikuwa na bomba kooni na plasta juu ya jicho moja.

Nikasogea mahali anaponiona. "Kaka, mimi naitwa Bakari," nikamwambia. "Nimelala kama ulivyolala. Leo nimetoka kituo cha metro kwa miguu."

Jicho lake lililo wazi likanitazama usoni. Kisha likaanza kushuka, taratibu, kifuani, tumboni, magotini, mpaka lilipofika kwenye nyayo zangu sakafuni. Likabaki pale. Mkewe akataka kusema kitu, nikamwashiria angoje, nikasimama bila kuegemea chochote mpaka mgonjwa alipotosheka kuangalia.